Sanduku Lako la Huduma ya Kwanza

Mwanangu Zuhura,

Barua yako imefika.

Unataka kujua ununue dawa gani za kutia kwenye sanduku la huduma ya kwanza la darasa lako la awali. Nunua bandeji, shashi, glavu, mkasi na sabuni, basi. Shida haimo sandukuni. Shida ni mikono inayokimbilia kufanya lolote ilimradi mtoto anyamaze. Miaka yangu ya wodi ya watoto niliimaliza nikifuta vitu vilivyopakwa nyumbani juu ya vidonda vya moto: dawa ya meno, yai bichi, asali, majivu.

Nianze na moto huo huo, kwa kuwa hapo kwenu mnapika uji. Mtoto akimwagikiwa, mvue nguo iliyolowa. Iliyogandamana na ngozi usiibandue. Kisha maji ya kawaida ya bomba yatiririke palipoungua kwa dakika 20. Bomba likiwa kavu, mimina kwa kata kutoka kwenye ndoo, na sehemu nyingine za mwili zifunike asipate baridi. Dakika 20 ni ndefu mtoto anapolia, na wenzako watakuhimiza umkimbize hospitali. Ng'ang'ana, kwani joto huendelea kuunguza nyama hata uji ukishafutwa. Barafu hapana, na lengelenge usilitumbue. Halafu funika kwa kitambaa safi, mpelekeni.

Degedege ndilo lenye wajuzi wengi. Mmoja ataleta kijiko cha kutenganisha meno, mwingine kitunguu cha kunusisha, wa tatu atasema aanze kwa mganga. Kijiko kitamvunja meno bure, na ulimi haumezwi. Mlaze ubavu, sogeza madawati, legeza kola, usimtie chochote kinywani, hata maji, na utazame saa. Mtu mmoja atafute usafiri papo hapo. Hata likikatika mapema, mtoto aende hospitali apimwe malaria. Hili si la kungoja kesho.

Mtoto akipaliwa na karanga lakini anakohoa, mwache akohoe. Asiyetoa sauti, mwinamishe umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, kisha rudia. Wazazi wenye wachanga waambie kwamba ambaye hajatimiza mwaka habanwi tumbo, hubonyezwa kifua. Na aliyekunywa mafuta ya taa (sijui nani aliwafundisha watu kuyatia kwenye chupa za soda!) asitapishwe wala asipewe maziwa. Yakirudi juu huingia mapafuni.

Kusoma barua hakutoshi. Mikono lazima ijaribu. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kipo tangu 1962 na hufundisha mambo haya. Mwombe mwalimu mkuu awaalike, na mpishi wa uji akae nanyi, kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na sufuria. Kikao cha wazazi nacho kisiishie kwenye michango. Omba nusu saa tu, maana dawa ya meno inatoka majumbani mwao. Siku ikipangwa nitumie nauli, nitakuja mwenyewe.

Shangazi yako