Pinde Kuu za Nchi ya Galana

Mto Athi na mto Tsavo hukutana katikati ya nyika, na kutoka hapo maji yake huitwa Galana, hata yakikaribia bahari kaskazini ya Malindi huitwa Sabaki. Ng'ambo ya kaskazini mlima wa Yatta umejinyosha kama ukuta. Kusini ni nchi kame ya udongo mwekundu na vichaka vya miiba, na tembo wake nao ni wekundu kwa kujipaka vumbi hilo.

Nchi hii ndiyo iliyowalea Wawata, ambao jirani zao huwaita Waliangulu, mabingwa wa kuwinda tembo kwa upinde. Msafiri aliyezoea upinde wa Mkamba hustaajabu akiuona wa Mwata. Ule wa Mkamba ni mwepesi. Mtu huuvuta upesi na kulenga bila kutetemeka, na mshale wake mwembamba huondoka kwa kasi. Wa Mwata ni mrefu, na mkubwa wao huhitaji nguvu ya ratili 100 au zaidi kuuvuta. Mshale wake mzito haukukusudiwa kwenda mbali. Mwindaji alinyatia mpaka hatua chache, akapiga, chuma kikapenya ngozi nene na kuingiza sumu ya msunguti, ambayo husimamisha moyo.

Basi anayeuliza upinde upi ni bora, yampasa kwanza kuuliza kazi yake. Waingereza wa kale nao walilijua hilo. Merikebu yao ya vita, Mary Rose, ilizama mwaka 1545, na mabaki yake yakaopolewa mwaka 1982. Humo zilipatikana pinde zaidi ya 130, ambazo nyingi wataalamu huzikadiria kuwa za ratili 100 na kuzidi, maana shabaha yao ilikuwa watu waliovaa chuma.

Mwaka 1948 sehemu kubwa ya nchi ya Wawata ilifanywa Hifadhi ya Tsavo, na msako wa miaka ya 1956 na 1957 ukawapeleka wengi wao gerezani. Mwaka 1977 uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku Kenya nzima. Ni haki tembo walindwe, wala hatutaki sumu irudi. Lakini kujua kuchagua mti, kuuchonga na kusokota upote si uhalifu. Vijana na wakae na wazee wao, wajifunze na kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.