Kiasi Kisichoishia kwenye Chupa

Waadventista walipofika Nyanchwa mwaka 1912, kwenye kilima kinachoutazama mji wa Kisii, walikuja na fundisho la kiasi. Sisi tuliozaliwa katika nyumba zao tulilipokea kama orodha ya makatazo: pombe, tumbaku, hata chai. Chai, katika nchi ya majani chai! Wapo wazee wa Nyamira waliochuma majani maisha yao yote, wakayapeleka kituoni kupimwa, kisha wakarudi nyumbani kunywa uji. Nawaheshimu mno. Kuishi na kitu kila siku bila kukigusa si jambo dogo.

Lakini Ellen White, ambaye kanisa humtegemea katika mambo haya, alifundisha pande mbili: kukiacha kabisa kinachodhuru, na kukitumia kwa busara kinachofaa. Upande wa kwanza tumeushika. Wa pili ndio unaotushinda, kwa sababu mpaka wake haujachorwa na mtu.

Aristotle aliliona hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Aliuweka wema kati ya kuzidi na kupungua, halafu akaonya kwamba katikati hiyo haipatikani kwa kugawanya namba: chakula kinachomzidi anayeanza mazoezi hakimtoshi Milo, mwanamieleka mashuhuri wa Wagiriki. Naye Giotto, mnamo 1305 huko Padova, Italia, alimchora Kiasi ukutani mwa kanisa kama mwanamke mwenye lijamu kinywani, na upanga uliofungwa pamoja na ala yake. Upanga anao. Hakuutupa.

Mimi huukumbuka upanga huo kwenye kamati za mazishi. Pombe haipo hapo, hata tone. Kuna hema, magari, vipaza sauti, fahali, chakula cha kijiji kizima. Mtu aliyekosa nauli ya kwenda kliniki husindikizwa na msafara, na bonasi ya majani ya mwaka ujao huwa imeshaliwa kabla ya udongo kukauka. Hayo hatuyaiti ulevi, kwa kuwa hakuna aliyepepesuka.

Mababu zetu walikunywa pombe ya busaa kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu, wazee wakiwa wamekizunguka. Sitamani chungu kirudi. Nimeona pombe ya chang'aa ilivyobomoa nyumba. Ninachokitamani ni lile duara, ambamo aliyezidisha alionwa na wenzake, na mkubwa wake aliweza kumwambia basi. Kwenye kamati tunaonana vizuri tu, ila anayetaja kiasi mbele ya maiti huonekana hakumpenda marehemu. Hivyo kila mtu hunyamaza, na bajeti hupanda.

Siku hizi naomba kusema mapema, kabla bajeti haijasomwa: tuanze na deni la hospitali na karo ya watoto waliobaki, hema lifuate. Baadhi ya wajomba na baba wadogo hununa. Mjane sijamwona akinuna.