Mizani 21

Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya mapenzi. Tunayo huba na mahaba, tunayo ashiki, tunaye nyonda na muhibu. Lakini hali inayompata kijana wa miaka 16 kwa msichana ambaye hajawahi kumsemesha, wiki 3 kabla ya mashindano, sijui tuiite nini. Vijana husema wamemzimia mtu, na naona wamekaribia kuliko washairi, maana ni kuzimika hasa: unaamriwa ugeuke, na mwenye kugeuka hayupo.

Mimi ilinikuta katika karate, Mombasa, nikiwa na mkanda wa manjano. Yeye alikuwa na mkanda wa kijani, na kwa kuwa waliotangulia kwa daraja husimama upande wa kulia, kila jioni alikuwa kuliani kwangu. Mwalimu hakuhitaji kuambiwa. "Macho mbele, kijana," husema, na safu nzima ikajua ni kijana yupi.

Mtindo wetu ulikuwa Shotokan. Wapenzi wa ushairi watafurahia asili ya jina hilo. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alikuwa akitunga mashairi, na lakabu yake ilikuwa Shoto, mawimbi ya misonobari, yaani ule mvumo wa upepo unapopita mitini. Ukumbi wake ukaitwa kwa lakabu hiyo. Sijui malenga wetu yupi amewahi kuachiwa mateke kwa jina lake la utunzi.

Na neno lenyewe "kata" lilinishughulisha mno. Kwetu kata ni kifuu chenye mpini cha kuchotea maji mtungini. Ni ngata ya kichwani chini ya mzigo. Kule Tanzania ni eneo la utawala. Kwa Wajapani ni umbo, kalibu: mfululizo wa kinga na mapigo uliopangwa, ambao mwanafunzi haongezi wala hapunguzi. Nilipolisikia hilo nilijua niko nyumbani. Ni bahari, yenye arudhi zake.

Kata yangu ya mashindano ilikuwa Heian Shodan, ya wanaoanza. Heian maana yake amani na utulivu, jina ambalo wiki zile sikuliona la haki. Ina hatua 21, na mara mbili mchezaji hutoa ukelele, yaani kiai: katika hatua ya 9 na ya 17. Sasa mwenye mazoea ya shairi la mizani 16 na ahesabu. Hatua 8 ni ukwapi. Ukelele wa kwanza unafungua utao. Hatua ya 16 inafunga mshororo, na ukelele wa pili unafungua mshororo unaofuata, ambao unakatika baada ya mizani 5. Niliposhindwa kuzihesabu hatua kwa Kijapani kwa sababu ya jirani yangu, nilizihesabu kwa silabi, nikitembea kutoka mazoezini kupitia Makadara hadi Kibokoni:

*Nigeukapo kushoto, wewe upo kuliani,*
*nikinge nini?*

Wajuzi watauliza nimeitoa wapi "kuliani". Ni mazida, na ushairi umeruhusu makubwa zaidi. Kata ile huanza hivyo hasa, kwa kugeukia kushoto na kukinga chini. Heian zote 5 huanza kwa kinga, kwa kuwa Funakoshi alifundisha kwamba karate haina shambulio la kwanza. Fundisho hilo nililishika kwa moyo wote, kwani lilinipa sababu tukufu ya kutomsemesha. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Jumatatu yake angerudi shule ya bweni, bara.

Siku hiyo waamuzi walikuwa 5, wenye bendera nyekundu na za buluu. Niliingia na silabi zangu, moja kwa kila hatua. Kiai haina neno maalumu. Kila mtu hutoa sauti iliyomjia. Yangu ilitoka ilipoangukia, katika silabi ya 9: "We!" Ukumbi uliijibu kwa mwangwi. Bendera 3 ziliinuka upande wangu. Duru iliyofuata nilitolewa, na halikuniuma.

Nilikuwa nikikunja mkanda wangu alipokuja kusimama, safari hii mbele yangu.

"Ile kiai yako," alisema, "wamwita nani?"

Shambulio la kwanza lilikuwa limekuja, na si langu. Nikamsomea mizani zote 21, kwa sauti ya chini. Alizihesabu kwa vidole kama tulivyofunzwa sote darasani, akarudia vidole vya mkono wa kulia, akatikisa kichwa.

"Halijajitosheleza," akasema. "Mshororo wa pili umebakisha mizani 11."

Kisha akaniuliza barua za bweni nazijua huandikwaje anwani.