Pigo Lililochelewa Njiani



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu wa kila juma, mzazi mmoja wa hapa Tunguu ametuomba tuseme neno juu ya michezo ya mapigano ambayo vijana wetu huicheza kwa njia ya intaneti. Yeye alitaka tuikemee. Sisi tumeona vema kwanza tuieleze, maana ugomvi uliomleta kwetu haukutokana na ngumi za kwenye runinga, bali na kile ambacho vijana hukiita "lagi", yaani kuchelewa kwa mtandao.

Mwanawe alikuwa akicheza Tekken 8 na rafiki yake wa tangu darasa la tatu, ambaye sasa yuko masomoni Uingereza. Raundi ya mwisho picha iliganda, na ilipofunguka mtu wake alikuwa yu chini. Papo hapo akamwandikia mwenzake kwamba ni mwizi, amekata mtandao kusudi. Miezi miwili hawajasemezana.

Natuhesabu pamoja. Michezo hii huonesha picha 60 kila sekunde, hivyo picha moja hudumu kama milisekunde 17. Pigo ambalo mchezaji hodari hutarajiwa kuliona na kulikinga huweza kuchukua picha 20, yaani theluthi ya sekunde. Jicho na mkono wa mwanadamu huhitaji karibu robo ya sekunde. Akiba inayobaki ni milisekunde themanini na kitu tu. Sasa, mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Unguja hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000. Basi habari ya pigo haiwezi kutufikia kabla ya milisekunde 35, hata kama waya ungenyooshwa mithili ya uzi wa fundi mwashi. Nao haukunyooka: hupita chini ya bahari, huzunguka mabara, huingia katika mitambo mingi. Juu ya hayo twaongeza ruta iliyofichwa nyuma ya kuta tatu za matofali, na bando moja linalogombewa na nyumba nzima baada ya magharibi.

Tena nyaya zenyewe hukatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku zile hakuna aliyemshitaki mpinzani wake. Sote tulijua kosa liko baharini. Ni katika siku za kawaida, ucheleweshaji unapokuwa mdogo usioonekana, ndipo tunapomtafuta mtu wa kumlaumu.

Wataalamu hawakukaa bure. Zamani michezo mingi ilisubiri: picha haikusogea mpaka amri ya mpinzani ifike, na mchezo mzima ukawa mzito kama mtu atembeaye ndani ya maji. Mwaka 2006 Mmarekani Tony Cannon alitoa programu iitwayo GGPO, ambayo mwaka 2019 ilifunguliwa kwa yeyote kuitumia. Hiyo haisubiri. Hukisia kwamba mpinzani anaendelea na alilokuwa akilifanya, na mchezo husonga mbele. Amri ya kweli ikifika na kukuta kisio lilikosea, programu hurudi nyuma picha chache, hujisahihisha, kisha huendelea. Street Fighter 6 ya mwaka 2023 na Tekken 8 ya mwaka 2024 hutumia njia ya namna hiyo. Ndiyo sababu mtu huonekana ameruka ghafla kutoka hapa hadi pale. Ucheleweshaji ukizidi kipimo, kila kitu husimama.

Tulipomweleza kijana haya alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo, Padri, mashine ilinionesha nimekwepa, halafu ikajirudi?" Ndivyo. Pigo lilitupwa kwa haki. Habari zake ndizo zilizochelewa.

Hatusemi kwamba wadanganyifu hawapo. Wapo wakatao mtandao kwa kukusudia ili kushindwa kwao kusiandikwe. Lakini aliyeko upande mmoja wa waya hana macho ya kuona upande wa pili, na kumhesabia mwenzetu hatia bila msingi wa kutosha ndiyo ile hukumu ya pupa inayotajwa katika Katekisimu, namba 2477. Afadhali kukubaliana kabla ya kuanza: raundi iliyoganda inarudiwa, haina mshindi.

Yapo ya kufanya. Unganisheni mashine kwa waya badala ya kutegemea mawimbi ya hewani. Tafuteni wapinzani wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi kabla ya wale wa Ulaya. Na mkicheza na walio mbali, msitegemee kuona ndipo mkinge. Someni tabia za mpinzani, mkinge mapema.

Lakini dawa tunayoipenda zaidi ni ya Lahore, Pakistani. Huko wachezaji wa Tekken walinolewa katika vibanda vya michezo, bega kwa bega, na mwaka 2019 Arslan Siddique, aitwaye Arslan Ash, akatwaa mashindano ya EVO ya Japani na ya Las Vegas katika mwaka mmoja. Karibu na kwetu, Mkenya Sylvia Gathoni, aitwaye Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya ng'ambo, UYU. Umbali wetu na mitambo mikubwa haujawa kifungo.

Ukumbini kwetu ipo runinga na pedi mbili. Jumamosi, kwaya ikimaliza mazoezi, vijana wetu na majirani zao Waislamu wanakaribishwa, wawili wawili, mashine moja. Runinga nayo ina uchelewaji wake, kwa hiyo anayejua mipangilio atangulie kuiweka kwenye hali ya gemu. Na umeme ukikatika, bao liko pale barazani.