Kilio cha Adui

Mwaka mmoja vijana wa shule yetu waliwashinda vijana wa kijiji jirani katika mpira. Kesho yake wakatunga mchezo wa kumdhihaki mlinda lango wao, nami mwalimu nikacheka pamoja nao, ijapokuwa mlinda lango yule ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu. Usiku nikafungua kitabu cha habari za Wayunani wa kale, na kicheko kikanikauka.

Michezo ya kuigiza ya Wayunani ilitokana na nyimbo na ngoma za sikukuu za mungu wao Dionysus. Kwanza palikuwa na kundi la waimbaji tu. Yasemekana Thespis ndiye wa kwanza kutoka kundini na kujibizana nalo. Kisha Aeschylus akaongeza mchezaji wa pili. Huko Athene watazamaji walikaa mtelemkoni mwa kilima, na kiwanja cha kuchezea kilikuwa chini yao. Wachezaji, wanaume watupu, walivaa nyuso za bandia, hata mtu mmoja aliweza kuwa malkia, akaondoka, akarudi mfalme. Baadaye yakaongezwa jukwaa la magurudumu la kuwatolea nje waliouawa ndani, na mtambo wa kumwinua mchezaji aonekane anaruka angani.

Mwaka 480 kabla ya Kristo Waajemi waliuchoma mji wa Athene, kisha wakashindwa baharini huko Salamis. Mwaka 472 Aeschylus, aliyekuwa amepigana nao mwenyewe huko Marathon, aliwaonyesha watu wake mchezo uitwao Waajemi. Hamtokei Myunani hata mmoja. Yumo mama wa mfalme Xerxes akingoja habari za mwanawe. Yumo mjumbe awatajaye waliokufa. Mwisho mfalme mwenyewe aja na nguo zilizoraruka. Washindi walikaa wakasikiliza kilio cha adui zao, na mchezo ule ukapewa tuzo ya kwanza.

Asubuhi nikawaambia vijana, "Chezeni tena, lakini leo ninyi ndio mlioshindwa, mnarudi jioni kwa mama zenu." Wakacheka. Lakini yule hodari wao wa mzaha, alipoulizwa na "mama" yake habari za mpira, maneno yalimkwama, na wenzake wakanyamaza.

Jumapili nilikwenda kwa dada yangu. Mpwa wangu akaniamkia, "Shikamoo, mjomba." Niliitikia, kisha nikamwomba radhi, ingawa mkubwa ni mimi.