Sindano za Kichina na Sisi Tunaotafuta Mtoto



Mwezi uliopita kulizuka maneno huku upande wetu. Kuna mtu alikuwa anapita kwenye mahema, anasema eti ana sindano za Kichina zinazofungua kizazi. Mama mmoja jirani yetu alitaka kuuza mchele na mafuta ya mgao apate pesa ya kuchomwa. Alikuja kutuuliza kwanza, tukakaa naye mpaka usiku. Baadaye tukaambiana, habari hii si ya mtu mmoja, tuiandike wote wasome. Sisi ni mume na mke, na sindano hizo tunazijua.

Tulioana mwaka 2009 huko kwetu Mocímboa da Praia. Miaka mitano ikapita hatuna mtoto. Si mnajua pwani yetu ilivyo. Mwanzo watu wanauliza kwa upole, halafu hawaulizi tena, wanamwangalia tu mke tumboni. Shangazi alileta mizizi ya kuchemsha. Fundi mmoja alichanja chale kiunoni akapaka dawa. Mwisho ndugu wa upande mmoja wakaanza kutafuta mke wa pili, na hawakuficha.

Mwaka 2014 tukasikia habari za madaktari wa Kichina Dar es Salaam. Haikuwa habari ngeni kwa watu wa pwani. Zanzibar madaktari kutoka China walianza kuja mwaka 1964, na kwetu Msumbiji mwaka 1976. Kisha Dar pakaja na kliniki za watu binafsi, zenye dawa za mimea na sindano. Tukauza nyavu na baiskeli, tukavuka Ruvuma mpaka Mtwara, tukapanda basi.

Tiba yenyewe inaitwa akupancha. Sindano ni nyembamba sana, karibu na unywele, na hazina dawa ndani. Zinachomekwa kidogo tu kwenye ngozi, mahali maalumu: kifundo cha mguu, mkono, chini ya kitovu. Unalala nazo kama nusu saa, halafu zinatolewa. Wachina wa zamani walisema kuna nguvu inayopita mwilini kama maji kwenye mifereji, na sindano inafungua palipoziba. Madaktari wa leo wanasema huenda zinaamsha mishipa ya fahamu, mwili ukatoa dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu.

Mmoja wetu alichomwa mara kumi. Mwingine alikaa nje kwenye benchi, akilinda viatu na mkoba. Tuseme ukweli wote: faida ilikuwepo. Maumivu ya hedhi yalipungua, na usingizi uliokuwa umepotea ulirudi. Kulala nusu saa mahali pa utulivu, bila mtu wa kukuuliza tumbo liko wapi, hiyo peke yake ni tiba. Lakini mimba haikuja. Tulirudi nyumbani bila nyavu na bila mtoto.

Halafu vita ikaja. Tarehe 5 Oktoba 2017 ilianzia mjini kwetu. Machi 2020 mji uliposhambuliwa tena, tulikimbilia visiwani, na Oktoba mwaka huo tukashuka na mashua pwani ya Paquitequete, Pemba, pamoja na maelfu ya wenzetu. Tulikuwa na watoto wawili mkononi. Ni watoto wa marehemu dada wa mmoja wetu. Mwaka 2022 tukarudi huku upande wa Palma.

Huku ndiko tulikopata swali ambalo kwa miaka kumi na tatu hakuna aliyetuuliza. Mmoja wetu alikwenda kwa nesi wa kina mama kwa sababu ya homa tu. Nesi akauliza habari za uzazi, akasikiliza yote, mizizi, chale, sindano. Halafu akasema, "Na baba je, ameshapimwa?"

Tulitazamana. Yaani tulikuwa tumevuka mto na mpaka, lakini yule wa kwenye benchi hakuna aliyemgusa.

Ilichukua miezi kukubali. Aibu ya mwanaume ni nzito jamani. Mwisho tukaenda wote wawili hospitali kubwa. Mke mirija yake ilikuwa wazi, na kizazi kizima. Mume mbegu zake zilikuwa chache, na nyingi hazitembei. Ina maana sindano kumi za Dar zilichomwa kwa mtu ambaye hakuwa na tatizo.

Siku ile mume alikwenda kwa mama yake mzazi akamwambia, "Mama, ni mimi." Mama alinyamaza muda mrefu. Kesho yake asubuhi alikuja hemani na samaki wawili, akampa mkwewe mkononi. Maneno ya mke wa pili hatukuyasikia tena.

Tangu hapo tumekuwa tukiuliza kila daktari na nesi tunayemwamini kuhusu sindano hizi, na tuliyoyapata tunawapa na ninyi.

Sifa ya sindano ilivuma sana mwaka 2002. Madaktari Ujerumani waliwafuatilia wanawake 160 waliokuwa wanapandikizwa mimba hospitalini, ile njia ya kuunganisha mbegu na yai nje ya mwili. Kati ya 80 waliochomwa sindano, 34 walipata mimba. Kati ya 80 wasiochomwa, walipata 21. Watu wakafurahi, nani asingefurahi.

Lakini utafiti mmoja hautoshi. Mwaka 2018 ulitoka mwingine mkubwa zaidi, Australia na New Zealand, wanawake 848 wa kupandikizwa vilevile. Nusu walichomwa sindano za kweli, nusu za kuigiza, na wenyewe hawakuambiwa ni zipi. Waliojifungua mtoto hai walikuwa kama 18 katika kila 100, pande zote mbili. China kwenyewe, mwaka 2017, walipimwa wanawake 1,000 wenye tatizo la mayai kutopevuka. Waliomeza vidonge vya klomifeni walijifungua kama 29 katika kila 100, wawe na sindano za kweli au za kuigiza. Waliochomwa sindano bila vidonge hivyo hawakufika hata 17. Kwa hiyo kilichosaidia pale ni kidonge.

Basi tunasemaje? Sindano za fundi anayejua kazi zinaweza kupunguza maumivu na wasiwasi, na mtu aliyepata usingizi anavumilia safari ya matibabu vizuri zaidi. Ila mirija iliyoziba hazifungui. Na mbegu za baba haziongezeki kwa kumchoma mama.

Sababu za kukosa mtoto ni nyingi, na hapa kwetu nyingi zinaanzia kwenye maradhi yasiyotibiwa. Kisonono na klamidia huziba mirija kimyakimya. Uchafu unaoingia baada ya kujifungua au mimba kuharibika nao unaziba. Kichocho, kile cha kwenye madimbwi na mito, kinaweza kuumiza viungo vya uzazi vya mama pia, si kukojoa damu tu. Haya yote yana dawa ukiwahi. Ukichelewa, dawa inaua ugonjwa lakini kovu linabaki.

Na jambo la kuogopa zaidi ni sindano yenyewe. Ya akupancha inatakiwa iwe mpya, ifunguliwe mbele yako, itumike mara moja, itupwe. Yule mtu wa mahemani alikuwa anazifuta kwa kitambaa, tulimwona kwa macho yetu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2021 ulikuta watu wazima zaidi ya 12 katika kila 100 hapa Msumbiji wana virusi vya UKIMWI. Ongeza homa ya ini. Utafute mtoto upate ugonjwa? Hapana.

Ushauri wetu kwa wenzetu ni huu. Mkikaa mwaka mzima mnakutana bila kinga na mimba haiji, nendeni kituo cha afya wawili, siku moja, mlango mmoja. Kupima mbegu za baba ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mama, kwa hiyo baba asiwe wa mwisho. Mgao wa watoto usiuzwe kwa mtu anayeahidi mimba. Na kina mama wakubwa, tunawaomba kwa heshima, mwanamke asiyezaa msimtoe kwenye shughuli. Trudie Gerrits, mtafiti wa Uholanzi, aliandika mwaka 1997 kuhusu wanawake wa Kimakua kaskazini mwa nchi hii, jinsi wasio na watoto walivyozuiwa kwenye baadhi ya sherehe. Ni zamani, lakini wako hapa kambini wanaozuiwa hata leo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja katika kila sita hupatwa na jambo hili maishani. Hesabuni mahema ya mstari wenu muone.

Mtoto wa tumboni bado hatujapata. Mume anafuata matibabu, na tumeambiwa tusikate tamaa. Wale wawili tuliokuja nao na mashua wanatuita baba na mama, mkubwa ameanza darasa la nne. Jirani yetu hakuuza mchele. Wiki ijayo anakwenda kupimwa, na mumewe amekubali kumsindikiza. Tumemwambia bwana yule: safari hii usikae kwenye benchi, ingia ndani.

 Mwenye swali aje hemani kwetu, tutakaa naye hata mpaka usiku.

Ni sisi, mume na mke, majirani zenu.