Rimoti Tatu na Mama Mkwe Mmoja



Sisi ni wawili, watoto wa Unguja tulioolewa na ndugu wawili huku Bara. Tunaishi na mama mkwe hapa Sigino, Babati, na kutwa tuko ofisini kwetu tunashona nguo za harusi.

Msimu mmoja kazi zilikuwa nyingi, alhamdulillah, tukamnunulia Mama televisheni ya inchi 43, king'amuzi na sabufa. Tukajiona tumefanya kheri kubwa, tukarudi kwenye cherehani zetu.

Baada ya mwezi, jirani akatuambia, bila ubaya wowote, kwamba Mama huenda kwake kila jioni kusikiliza taarifa ya habari. Dada zetu, tuliona aibu! Tulipomuuliza, akasema: "Wanangu, ile yenu ina rimoti tatu. Nikipata picha, sauti hamna. Nikipata sauti, kioo kinakuwa buluu. Naogopa kuwaharibia."

Mama ana mtoto wa jicho, maandishi ya kwenye vitufe hayaoni. Nasi kila akituuliza tulimjibu, "Mama, mbona rahisi," tukambonyezea harakaharaka tukaondoka. Utotoni kwetu televisheni ilikuwa moja, na antena juu ya bati. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kimekuwa cha lazima, na kila chombo huja na rimoti yake.

Mama mdogo aliyeko Maskati ndiye aliyetutumia rimoti moja ya kuendesha vyombo vyote. Hii si kama zile za sokoni zenye kodi za televisheni tu. Hii inajifunza, tena inapokea makro, yaani kitufe kimoja kubeba amri nyingi kwa mpangilio. Wazo lenyewe si geni: Steve Wozniak, mmoja wa waasisi wa Apple, alitoa rimoti ya namna hiyo, iliyoitwa CORE, mwaka 1987. Kwa sisi mafundi ni kama patroni. Ukishaikata sawasawa mara moja, kazi inayofuata haikuumizi kichwa.

Kwanza tuliziweka rimoti mbili zikitazamana, pua kwa pua, tukabonyeza kitufe cha zamani ili mpya ikishike. Kisha tukaandika mpangilio kwenye karatasi:

1. Washa televisheni.
2. Subiri iamke.
3. Ipeleke kwenye HDMI ya king'amuzi.
4. Washa king'amuzi.
5. Washa sabufa, uiweke kwenye AUX.

Hiyo namba mbili msiidharau. Tulipoiruka, amri ya HDMI ilifika televisheni ikiwa bado imelala, ikapotea. Ni sawa na kupiga pindo kabla hujaunga mbavu za gauni.

Siku ya kwanza Mama alibonyeza, kila kitu kikawaka. Siku ya pili kikazima! Kitufe cha kuwasha ndicho hichohicho cha kuzima. Televisheni ilikuwa imeachwa inawaka, kwa hiyo amri ya kwanza ikaizima. Na umeme ukikatika ukarudi, sabufa yetu hujiwasha yenyewe wakati televisheni imelala, hapo mpangilio wote unavurugika.

Dawa tuliipata kwa kujaribu. Televisheni yetu huamka ukibonyeza namba ya chaneli, na ikiwa tayari inawaka haizimi. Tukaweka namba mahali pa kitufe cha kuwasha. Si televisheni zote ziko hivyo, jaribuni yenu. Sabufa tuliifungia kwenye ekstensheni yenye swichi: Mama akimaliza anaizima hapo, na asubuhi akiwasha swichi sabufa inaamka yenyewe. Tukaifuta kwenye makro, ikabaki AUX tu.

Jambo jingine, rimoti hizi hutuma mwanga usioonekana, kwa hiyo lazima ielekezwe kwenye vyombo mpaka amri ya mwisho itoke. Mama alikuwa anaishusha mapema. Tukamwambia, "Mama, ielekeze huku unasoma Kul Huwallahu, ukimaliza ndipo ushushe." Hakosei tena. Na ili akijue kitufe kwa kupapasa, tuligundisha juu yake kifungo kidogo cha shati.

Maharusi wetu, mkienda kununua, ulizeni mambo mawili: inajifunza? Inapokea makro? Mkitaka kujua kama rimoti inatoa mwanga, ielekezeni kwenye kamera ya simu mbonyeze. Kwa simu nyingi mtaona kitaa kinawaka. Karatasi ya mpangilio itunzeni, maana baadhi ya rimoti husahau kila kitu betri zikitolewa.

Na kabla ya kumnunulia mzee kitu kikubwa, kaeni naye siku moja mumwone anavyokitumia. Sisi tulitoa pesa, hatukutoa hata nusu saa.

Sasa jirani ndiye anayekuja kwetu jioni. Juzi tulichelewa ofisini na gauni la bi harusi, tukafika tukawakuta wote wawili wako kwenye habari, wala hawakugeuka kutuitikia salamu mpaka hali ya hewa ilipokwisha.

Je, kwenu nani anashika rimoti? Tuandikieni.